Uwanja wa Umma Huibwa Mezani Kabla ya Kuzungushiwa Mabati

Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliangusha ukuta kule Nyali na kufungua njia ya umma ya kuteremkia baharini. Kampuni iliyokuwa na hati ya kiwanja hicho, ambayo ilikinunua mwaka 2006, ikaenda mahakamani. Ilishindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa katika Mahakama ya Rufaa, na tarehe 21 Aprili 2023 ikashindwa kwa mara ya mwisho mbele ya Mahakama ya Juu ya Kenya. Majaji walirudi nyuma hadi ugawaji wa kwanza, wa mwaka 1989, wakakuta kiwanja kilikuwa kimekwisha kutengwa kuwa eneo la wazi kabla hajapewa mtu yeyote. Kilichotengewa umma hakikuwa tena ardhi huru ya kugawiwa. Na kama shina la hati limeoza, aliyenunua baadaye hapati kinga kwa kusema alinunua kwa nia njema.

Vikundi vinavyolinda viwanja vya mitaa vimeipokea hukumu hiyo kama ngao, na vina haki. Ila ngao hii ina mpini mmoja tu: lazima uthibitishe kwamba eneo lilitengwa. Wazee kumi wakiapa kwamba wamecheza mpira pale tangu utotoni, hicho ni kiungo cha ushahidi. Mchuzi wenyewe ni mchoro wa mipango uliopitishwa, wenye namba na tarehe. Hapo ndipo vikundi vingi vinapopwaya. Vinalinda nyasi na kusahau karatasi, wakati mnyakuzi anaanzia kwenye karatasi na kuja kwenye nyasi akiwa amekwisha kumaliza kazi.

Tukumbuke mlango huu wa mahakama ulikuwa umefungwa. Mwanamazingira Wangari Maathai alipokwenda Mahakama Kuu mwaka 1989 kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, kesi yake ilitupwa kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki. Wa kusema kwa niaba ya umma alikuwa Mwanasheria Mkuu, yaani mtumishi wa serikali ileile iliyoutaka mradi. Kilichouangusha mradi ni kampeni iliyoanza na barua: kwa wenye mradi, kwa Ofisi ya Rais, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyoko Nairobi, kwa ubalozi wa Uingereza, hadi wenye fedha wakaona aibu wakarudi nyuma. Watu humkumbuka kwa miche na kwa kipigo alichopata kwenye lango la msitu wa Karura Januari 1999. Zile barua hazichongewi sanamu, lakini ndizo mfano unaoigika na mtu wa kawaida. Miaka miwili baada ya Uhuru Park, Zarina Patel alizuia bustani ya Jevanjee isigeuzwe maegesho ya magari, na nguvu yake kubwa ilikuwa historia aliyoijua barabara: bustani ile ilitolewa na babu yake, A. M. Jeevanjee, kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906.

Leo sheria imegeuka. Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara au ameumia. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataja wazi katika kifungu cha 4 haki ya raia kufika kwenye maeneo ya umma kwa ajili ya burudani, elimu, afya, ibada, utamaduni na uchumi, na kifungu cha 5 kinampa njia ya kuidai. Hata kabla ya sheria hiyo, wakazi wa Tabata walikwishalishinda Jiji la Dar es Salaam mwaka 1988 katika kesi ya dampo. Mlango upo wazi. Swali ni unaingia umeshika nini mkononi.

Kwa Kenya, kikundi kinahitaji nyaraka tatu. Ya kwanza ni mchoro wa mpango ulioonyesha eneo limetengwa kwa matumizi gani. Hutafutwa ofisi ya mipango ya kaunti, na ile ya zamani huhitaji kufuatwa Ardhi House, makao ya wizara ya ardhi jijini Nairobi. Ya pili ni ramani ya upimaji, kutoka Idara ya Upimaji pale Ruaraka. Ya tatu ni taarifa rasmi ya umiliki kutoka kwenye rejista, ambayo kwa Nairobi hupatikana kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni wa serikali. Faida ya kuwa nazo zote tatu ni kuzilinganisha. Mpango ukionyesha uwanja mmoja mkubwa, na ramani ya upimaji ikaonyesha vipande vinne, kuna mtu amekwisha kupitisha mgawanyo. Angalia pia mfuatano wa namba. Majirani wakiwa na 210, 211 na 212, halafu katikati ya uwanja ikakaa namba ya elfu tatu na kitu, kipande hicho kimezaliwa miaka mingi baada ya mtaa kupimwa, na hapo ndipo pa kuuliza nani alikiomba, lini, na kikao gani kilikubali.

Tanzania mambo yanafanana ila majina ni mengine: mchoro wa mipango miji, ramani ya upimaji, na rejista ya ardhi. Idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri ndiyo pa kuanzia. Katika mchoro eneo la wazi kwa kawaida hupakwa kijani, na kona moja ya karatasi kuna namba ya mchoro na tarehe ya kuidhinishwa. Nakili hizo kwanza hata kama umenyimwa nakala, kwa sababu ukiwa na namba hakuna atakayekwambia mchoro haupo. Shida kubwa ni mitaa ambayo haikupangwa kabisa, na Dar es Salaam imejaa mitaa ya namna hiyo. Huko uwanja upo kwa mazoea tu. Urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, unapofika, timu ya upimaji hupita nyumba kwa nyumba, kila mmoja anataka mipaka yake iandikwe, na uwanja ambao hauna mwenyewe hauna wa kuusemea. Ukikosekana kwenye mchoro wa urasimishaji umekwenda, tena kihalali. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wanaolala siku hiyo wanafanya kosa ambalo mahakama hailirekebishi kirahisi. Cha kufanya ni kuingiza hoja ya uwanja kwenye mkutano wa mtaa kabla wapimaji hawajaanza, kuandika muhtasari, kutaja vipimo na majirani wa pande nne, na kuudai mchoro wa awali uonekane ukutani kabla haujapelekwa kuidhinishwa.

Ofisi zikigoma kutoa nyaraka, acha kubembeleza kaunta. Andika barua ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Bahati nzuri nchi zote mbili zilipitisha ya kwao mwaka huohuo. Kenya ofisi ina siku 21 za kujibu, Tanzania siku 30. Peleka barua nakala mbili, moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na jina la aliyepokea liandikwe. Kazi hii ndogo huamua mengi. Barua isiyo na muhuri haipo. Kenya ukinyimwa unakwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Ukiwa na nakala yenye muhuri unasikilizwa, ukiwa na maelezo ya mdomo unaambiwa urudi kuandika barua.

Nyaraka zikipatikana, zisikae kwa mwenyekiti peke yake. Neno hili litawaudhi wenyeviti waaminifu, na wapo wengi, lakini mwenyekiti ndiye mtu wa kwanza kutembelewa na mnyakuzi, usiku, na bahasha. Seti moja kwa katibu, moja kwa mtu aliye nje ya uongozi (mwalimu mstaafu hufaa sana), moja imepigwa picha na kuhifadhiwa kwenye simu za watu watano. Kenya kikundi chenye watu 10 kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, na usajili husaidia kufungua akaunti na kuandika barua kwa jina linaloeleweka.

Sasa twende uwanjani, na futikamba. Unyakuzi mwingi hauchukui uwanja wote, hung'ata pembeni. Chukua uwanja wenye ubavu wa mita 100. Mwenye ukuta akisogea mita 3 tu, amepata mita za mraba 300, ambazo uswahilini ni kiwanja cha nyumba. Akisogea mita 5 amepata 500, na plot ya futi 50 kwa 100 anayoijua kila Mkenya ni kama mita za mraba 465. Mita 5 machoni si kitu. Wachezaji wanasogeza mstari wa pembeni na mechi inaendelea. Kwa hiyo pima kila baada ya miezi sita, kutoka kwenye alama isiyohama: kona ya jengo la shule, nguzo ya zege ya umeme, bikoni (alama ya mpaka iliyowekwa na mpimaji). Bikoni zenyewe zitafutwe zikiwa bado zipo, zipigwe picha pamoja na kitu cha kudumu nyuma yake, kwa maana hung'olewa usiku mmoja kabla ya mpimaji wa upande wa pili kuja. GPS ya simu inakosea mita kadhaa, kwa hiyo usiitegemee kwenye mgogoro wa mita 3. Inafaa kuonyesha umbo la uwanja na kuthibitisha mahali picha ilipopigwa. Kwa kulinganisha tu: uwanja wa mpira wa kipimo kamili, mita 105 kwa 68, ni mita za mraba 7,140, pungufu kidogo ya robo tatu ya hekta. Ramani ikisema hekta moja na ninyi mnahangaika kuutosheleza uwanja wa mpira, robo ya eneo iko kwa majirani.

Ulinzi wa bei rahisi kuliko wote ni matumizi. Uwanja wenye mazoezi ya asubuhi, mechi za ndondo Jumamosi, maulidi, mkutano wa injili na wazee wa bao chini ya mwembe una walinzi mia wasiolipwa. Andikeni ratiba na muitunze. Daftari la matumizi la miaka mitatu, lenye tarehe na majina ya timu, ni kiambatisho kizuri cha hati ya kiapo. Kinyume chake, uwanja uliofungwa hupoteza watu wake. Uhuru Park yenyewe ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, na kila mwezi mageti yalipokaa kufuli watu walijifunza kuishi bila bustani yao. Ndiyo maana ushauri wa kuzungushia uzio haraka haraka una mtego. Uzio unahitaji lango, lango linahitaji ufunguo, na mwenye ufunguo baada ya muda hujiona mwenye uwanja. Palipo na ulazima, kwa mfano kuzuia malori yasimwage kifusi, uzio hai wa michongoma wenye mapengo ya kupita watu ni bora kuliko ukuta. (Mchongoma ukiukwea, kushuka ngoma, basi uwe kazi kwa wa magari, usiwe kwa watoto.) Michongoma hupandwa ndani ya mpaka wenu, kama hatua moja, la sivyo jirani ataikata akidai ni yake.

Miti nayo hupandwa kwa pupa. Mtu akishasikia habari za Maathai, anakuja na miche 200 na kuisambaza uwanja mzima, katikati ya goli na goli. Vijana wanaing'oa, mgawanyiko unaanza, na mnyakuzi anapata upande wa kuutumia. Panda pembezoni, miche 20 mnayoweza kuimwagilia. Shimo la sentimita 60 kila upande, debe la samadi, lita 20 za maji kwa wiki wakati wa kiangazi, na boma la matawi kuzuia mbuzi. Miche 20 iliyopona hutia kivuli mahali watu wanapokaa, na kivuli ndicho kinachowaweka watu pale saa saba mchana, saa ambayo malori ya mchanga hupenda kuja.

Adui mgumu kuliko tajiri wa mabati ni jambo jema. Kituo cha polisi, zahanati, ofisi ya kata, nyumba ya ibada, darasa la chekechea: vyote vinahitajika, vyote huja na viongozi wanaoheshimika, na kuvipinga kunakufanya uonekane huna utu. Lakini angalia mahesabu. Jengo moja jema huchukua eneo lake, kisha njia ya kuingilia, maegesho, choo na ukuta, na baada yake hoja ya kwamba hili ni eneo la wazi imekufa kwa sababu si wazi tena. Wa pili akija hana haja ya kubadili matumizi, yamekwisha kubadilika. Jibu linalofaa ni la maandishi na la upole: tunaunga mkono zahanati, tunaomba itafutiwe kiwanja cha huduma kilichotengwa kwenye mchoro, na hapa kuna namba yake. Mara nyingi kiwanja cha zahanati kilikuwapo, nacho kikanyakuliwa. Kwa hiyo zahanati inafukuzwa kwake inakuja kula uwanja. Ukiwa na mchoro unaweza kulisema hilo hadharani.

Kwa mama lishe na wauza kahawa msimamo wangu ni tofauti na wa wale wanaotaka kusafisha kila kitu. Hao ni macho. Waandikwe, wapangwe ukingoni, na sharti liwe moja lisilojadiliwa: kibanda kihamishike, sakafu isisakafiwe. Zege ndilo mwanzo wa madai ya fidia, na kikundi kinachoruhusu gereji moja imwage zege kitaruhusu ya pili, kisha mwenye gereji atauza nafasi yake kwa mtu asiyemjua yeyote pale. Ushuru wowote mnaokusanya uandikwe na usomwe mkutanoni. Vikundi vingi havishindwi na mnyakuzi. Hufa kwa ugomvi wa elfu hamsini.

Fedha hutikisa hata walio wakubwa. Karura, hekta zaidi ya 1,000 ndani ya Nairobi, iliokolewa kwa mapambano ya barabarani, lakini imekaa salama kwa mpango mwingine: Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu vyama vya jamii kusimamia misitu pamoja na serikali, na Friends of Karura Forest wakatumia nafasi hiyo kujenga uzio, kuajiri walinzi na kutunza njia. Mwaka 2025 idara ya misitu ilipoamuru malipo yote ya kuingia yapitie eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali, mvutano ulilipuka mara moja, ukafika mahakamani. Wapo walioona ni ugomvi wa tiketi. Ulikuwa mkubwa kuliko hapo, kwa sababu anayeshika mapato ndiye anayelipa walinzi, na anayelipa walinzi ndiye anayejua nani aliingia na mashine ya kukata miti. Kikundi kinachoingia makubaliano na mamlaka kiandike tangu siku ya kwanza fedha zinaingia wapi, nani anatia saini, na nini kitatokea upande mmoja ukibadili utaratibu.

Kuna vipindi vya kisheria ambavyo ukivipoteza umejifunga mwenyewe. Kenya, uamuzi wa kaunti kuhusu ombi la ujenzi au la kubadili matumizi hukatiwa rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ndani ya siku 14. Leseni ya mazingira hupingwa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60. Tanzania, ukitaka kuishtaki halmashauri unatoa notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Siku 90 zinatosha kabisa mtu kufika linta. Kwa sababu hiyo mawakili huomba Mahakama Kuu zuio la muda, lile wanaloliita Mareva, wakati notisi ikiendelea kuhesabika. Zuio hilo halitolewi kwa machozi. Jaji anataka kuona eneo ni la umma, kwamba madhara hayatarudishika, na kwamba hamkulala. Yote matatu yanatoka kwenye lile faili la nyaraka, picha na daftari la matumizi.

Watu wazima wanapochelewa, watoto hulipa. Tarehe 19 Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walipigwa mabomu ya machozi walipousukuma ukuta uliozungushiwa uwanja wao wa michezo. Picha zilizunguka dunia na uwanja ukarudishwa. Shule nyingi za umma hazikuwa na hati za ardhi yao, na hazina hadi leo. Hati ya shule huombwa na bodi ya shule, na wazazi wanaweza kuweka ombi hilo kuwa ajenda ya kwanza ya mkutano wao.

Mabati huja Ijumaa jioni. Ofisi zimefungwa, mahakama imefungwa, na hadi Jumatatu kuna nguzo, kibanda cha mlinzi na mbwa. Kikundi kilichojiandaa kina orodha ya simu tayari: mwenyekiti na mtendaji wa mtaa au chifu, mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) au wa kituo (OCS), diwani au mwakilishi wa wadi, afisa mipango, wakili mmoja, waandishi wawili wa habari. Usibomoe mabati, ukibomoa wewe ndiye mshtakiwa, na kesi ya jinai ya uharibifu wa mali itakula nguvu zote zilizokuwa za ardhi. Piga picha za video namba za magari, vifaa, watu wanaosimamia. Waulize kwa adabu kibali cha ujenzi, na jibu lao lirekodiwe, hata likiwa matusi. Andikisha taarifa kituoni usiku huohuo na uondoke na namba ya taarifa. Jumamosi timu iendelee na mazoezi kwenye sehemu iliyobaki, na katibu akae chini aandike barua ya kusimamisha ujenzi, aambatishe mchoro, ramani na picha zenye tarehe, ili Jumatatu saa mbili asubuhi awe wa kwanza kwenye foleni ya masijala kugongewa muhuri.